Mbofyo Usio na Mnunuzi: Jinsi Fedha za Matangazo Zinavyoibwa Mtandaoni

Mwanzoni mwa mwezi wa Shaabani, binamu yangu anayeshona na kuuza mabaibui Magomeni, Dar es Salaam, alipokea zamu yake ya upatu. Alikuwa amekusudia kununua cherehani ya pili. Kijana mmoja wa mtaani, mwenye ujuzi wa kompyuta, akamshauri kwamba sehemu ya fedha hizo aitie katika matangazo ya mtandaoni, yale yanayotokea juu ya majibu mtu anapotafuta kitu kwa simu, kwa kuwa wanawake wengi siku hizi hutazama nguo za Idi kwenye simu kabla ya kutia mguu Kariakoo. Shauri halikuwa baya. Tovuti ndogo alikuwa nayo, picha nzuri alikuwa nazo, na kitufe cha kumpeleka mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp yake kilikuwepo. Akatenga Sh 15,000 kwa siku.

Siku ya kwanza tangazo lilibofywa mara 72. Akafurahi. Siku ya pili likabofywa mara 81. Siku ya nne aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akatazama simu yake, akakuta zaidi ya nusu ya fedha za siku ile imekwisha kutumika. Katika siku hizo nne alikuwa amepokea ujumbe mmoja tu wa WhatsApp, nao ulitoka kwa mtu aliyeuliza kama anahitaji mshonaji msaidizi.

"Kaka," aliniambia kwa simu, "watu mia tatu wameingia dukani kwangu na hakuna hata mmoja aliyetoa salamu. Hao ni watu kweli?"

Nilimwahidi kwenda kumwona Jumamosi. Kabla sijaeleza tuliyoyakuta, naomba msomaji avumilie kidogo tuielewe biashara yenyewe, maana asiyejua namna fedha inavyoingia hawezi kujua namna inavyotoka.

Gazeti kama hili humtoza mtangazaji kwa nafasi. Ukinunua robo ya ukurasa, utalipa bei ya robo ya ukurasa, wakisoma watu kumi au elfu kumi. Mwaka 1998 kampuni moja ya California iliyoitwa GoTo.com, iliyoasisiwa na Bill Gross, ilileta utaratibu mwingine: mfanyabiashara anashindana katika mnada ili jina lake litokee juu pale mtu anapotafuta neno fulani, na halipi chochote mpaka mtu alibofye tangazo lake. Kampuni hiyo baadaye iliitwa Overture, na mwaka 2003 ilinunuliwa na Yahoo. Google nao walianzisha matangazo yao Oktoba 2000, na mwaka 2002 wakaufuata mtindo huo wa kulipia kila mbofyo. Mnada huo hufanyika upya kila mara mtu anapotafuta neno, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hautazami bei peke yake. Hutazama pia kama tangazo na ukurasa wake vinaafikiana na kile kinachotafutwa.

Kwa mfanyabiashara mdogo hii ilikuwa neema. Mwenye kibanda aliweza kusimama sawa na mwenye ghorofa, akamlipia yule tu aliyefika mlangoni. Lakini udhaifu ulikuwa ndani ya uzuri huohuo. Mashine huhesabu kidole. Nia ya mwenye kidole haiioni. Anayebofya ili anunue, anayebofya kwa kuteleza, anayebofya ili amtie mwenzake hasara, na roboti isiyo na kidole kabisa, wote huandikwa katika safu moja na kutozwa bei moja, isipokuwa pale mwenye mfumo anapowagundua na kuwaondoa.

Hali iliongezeka ugumu mwaka 2003, pale Google walipofungua mlango kwa wenye tovuti za kawaida kuyapokea matangazo hayo kwenye kurasa zao na kupata mgawo wa fedha kila yanapobofywa. Mpango huo unaitwa AdSense, na umewalisha kwa halali waandishi na wenye tovuti wengi duniani. Hata hivyo, tangu siku hiyo kukawa na mtu wa tatu katikati ya muuzaji na mnunuzi, ambaye hupata fedha kwa mbofyo wenyewe, mnunuzi akiwepo au asiwepo. Hapo awali mbofyo wa hila ulikuwa silaha ya mshindani mwenye husuda, anayebofya tangazo la mwenzake asubuhi mpaka bajeti ya siku iishe, kisha la kwake libaki peke yake juu. Sasa ukawa pia njia ya mapato. Mwaka 2004 Google wenyewe waliishitaki kampuni moja ya Texas iliyojiunga na mpango huo kisha ikawa inayabofya matangazo yaliyowekwa kwenye tovuti yake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka huohuo George Reyes, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Google, aliwatahadharisha wawekezaji waziwazi kwamba mibofyo ya hila ni tishio kubwa kwa biashara yao.

Kesi iliyowazindua wengi ilianzia kwenye duka la zawadi. Lane's Gifts and Collectibles lilikuwa duka la mji mdogo katika jimbo la Arkansas, Marekani, na mwaka 2005 liliongoza madai dhidi ya Google na kampuni nyingine, likisema kwamba watangazaji walitozwa kwa mibofyo isiyo ya wateja. Google walikubali suluhu ya dola milioni 90 mwaka 2006. Kwa masikio ya mshonaji wa Magomeni huo ni ushindi wa Daudi, lakini mwenye kusoma masharti atapunguza shangwe: sehemu ya mawakili ilikuwa fedha, na kilichobaki kwa watangazaji kilikuwa salio la kutangazia tena palepale. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ripoti iliyoandikwa katika kesi hiyo na Profesa Alexander Tuzhilin wa Chuo Kikuu cha New York. Yeye aliona kwamba juhudi za Google za kuchuja mibofyo zilikuwa za kuridhisha kwa kadiri ya akili, lakini akaonyesha ugumu wa msingi: kujua kwa yakini nia ya aliyebofya ni jambo ambalo mara nyingi haliwezekani. Miaka imepita, mashine zimekuwa hodari zaidi, na ugumu huo uko palepale.

Wezi nao hawakulala. Novemba 2011 Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilitangaza kulivunja kundi lililokuwa na makao yake Estonia. Kundi hilo lilikuwa limeingiza kirusi katika kompyuta zaidi ya milioni nne, katika nchi zaidi ya 100. Kirusi hicho hakikufuta faili wala kudai fidia. Kilibadilisha kitu kimoja tu, yaani ile orodha ambayo kompyuta huiuliza ili ijue tovuti fulani ipo wapi, mfano wa kumbadilishia mtu kitabu chake cha namba za simu. Mwenye kompyuta akibofya jibu alilolitafuta, alipelekwa kwingine, na matangazo aliyoyaona yalikuwa yamebadilishwa ili mapato yaende kwa wezi. Walijipatia angalau dola milioni 14. Wengi wa wenye kompyuta hizo walikuwa hawajui lolote.

Baadaye wakaja wasiohitaji hata kompyuta za watu. Raia wa Urusi, Aleksandr Zhukov, na wenzake walikodi seva zaidi ya 1,900 katika vituo vya Dallas na kwingineko, wakaziandikia programu zijifanye kuwa watu waliokaa majumbani mwao wakivinjari. Roboti hizo zilisogeza kishale cha kipanya kama mkono wa mtu, zikateremsha ukurasa, zikaanzisha video na kuisimamisha katikati, na zikajionyesha kana kwamba zimeingia Facebook. Tovuti zilizodaiwa "kutembelewa" zilikuwa za kughushi, zikibeba majina ya zaidi ya 5,000 za kweli. Kundi hili liliuza zaidi utazamaji wa matangazo kuliko mibofyo, lakini hila ni ileile ya kumuuzia mfanyabiashara jicho lisilokuwepo. Watangazaji walipoteza zaidi ya dola milioni saba. Zhukov alikamatwa Bulgaria mwaka 2018, na Novemba 2021 mahakama ya Brooklyn ilimhukumu kifungo cha miaka 10.

Kikulacho ki nguoni mwako, na habari ya kutufikirisha zaidi sisi wenye familia imo sebuleni. Machi 2025 kampuni ya usalama iitwayo HUMAN, ikishirikiana na Google na wengine, ilieleza kuhusu mtandao uliopewa jina la BADBOX 2.0. Ulikuwa umeteka zaidi ya vifaa milioni moja vya bei nafuu vinavyotumia mfumo huria wa Android, hasa yale maboksi yanayochomekwa kwenye televisheni ili ipate intaneti, katika nchi na maeneo 222. Baadhi yalitoka kiwandani na programu ya wizi ndani yake. Mengine yaliambukizwa pale mwenye nyumba alipoyaunganisha kwa mara ya kwanza na kupakua alichoambiwa apakue. Miongoni mwa kazi za programu hiyo ilikuwa kufungua kurasa zisizoonekana na kubofya matangazo kimyakimya. Juni mwaka huo FBI walitoa tahadhari kwa umma, na Julai Google walipofungua mashitaka New York walitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Tafakari hilo: familia imekaa ikitazama mawaidha au mpira, na nyuma ya picha ile boksi linabofya tangazo la muuza mabaibui wa nchi nyingine kwa umeme na bando la baba mwenye nyumba.

Simu nazo hazikusalimika. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za aina ya Tecno W2 zilizouzwa Misri, Ethiopia, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini zilikutwa na programu haribifu ziitwazo Triada na xHelper, ambazo ziliwasajili wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua na kula salio lao. Watengenezaji walisema kosa lilitokana na mmoja wa wagavi wao, na kwamba marekebisho yalitolewa. Mkono uleule usioonekana unaoweza kubofya "nakubali" kwa niaba yako unaweza pia kubofya tangazo la mtu.

Basi Jumamosi ile nilikwenda Magomeni nikiwa nimejiandaa kukuta mambo makubwa ya Estonia na Dallas. Tuliketi ukumbini, binamu yangu, kijana mshauri na mimi, kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, tukafungua ripoti ya akaunti sehemu kwa sehemu. Yeye alikuwa na shaka na muuzaji mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye tangu tangazo lianze alikuwa akimsalimu kwa kicheko asichokielewa. Nilimwomba tuiweke kando dhana hiyo mpaka tuone hesabu.

Kitu cha kwanza tulichokiona kilikuwa aibu yetu wenyewe. Siku ya kwanza alikuwa ametuma picha ya tangazo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ukoo ukaitikia kwa mapenzi. Tulimpigia shangazi yetu aliyeko Tanga.

"Shikamoo, shangazi. Ule wakati wa tangazo la mabaibui, ulilifungua?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelifungua sana! Kila nikimaliza kuswali nalibonyeza mara tatu nne, ili biashara ya mtoto ipande juu. Na majirani nimewaambia."

Binamu yangu akafunika uso kwa ushungi akicheka. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akilibofya kila asubuhi kuhakikisha kwamba bado lipo. Kila kidole cha mapenzi kilimgharimu yapata Sh 200. Mibofyo mingine ya kujirudia mfumo ulikuwa umeichuja bila kuitoza, lakini si yote.

La pili lilikuwa mipangilio. Kijana alichagua Dar es Salaam kama eneo la tangazo, na akaamini amemaliza. Chini yake kulikuwa na chaguo jingine, lililokwisha kutiwa alama tangu mwanzo, linaloruhusu tangazo kuonyeshwa pia kwa watu walioonyesha kuvutiwa na Dar es Salaam, popote walipo duniani. Hivyo watu wa mabara mengine, ambao hawatakaa wakapanda bajaji kuja Magomeni, walikuwa wakiliona na kulibofya. Hapakuwa na mwizi hapo. Palikuwa na mlango ulioachwa wazi.

La tatu likatuchukua saa nzima. Tangazo halikuonyeshwa kwenye majibu ya utafutaji peke yake. Chaguo jingine lililoachwa kama lilivyokuja lilikuwa limelisambaza kwenye tovuti na programu nyinginezo. Tulipofungua orodha ya mahali lilikoonekana, tulikuta michezo ya watoto: kupaka rangi, kukimbiza magari, kulisha paka. Sehemu kubwa ya mibofyo ya siku zile nne ilitoka huko. Mtoto wa miaka mitatu aliyepewa simu ya mama ili anyamaze hugusa kila kinachong'aa, na baibui lenye nakshi za dhahabu linang'aa. Hiyo ni mibofyo ya kuteleza, na mzazi wa mtoto hana habari.

Lakini ndani ya orodha hiyohiyo kulikuwa na programu mbili zisizofanana na nyingine. Mibofyo yake ilikuja kati ya saa nane na saa kumi za usiku, wakati watoto wamelala, kwa nafasi zinazolingana mno, na kila "mgeni" alikaa kwenye tovuti chini ya sekunde moja. Hapakuwa na aliyeteremsha ukurasa wala aliyefungua picha ya pili. Hao ndio waliokuwa wakila fedha kabla ya Alfajiri. Nani alikuwa nyuma yao, Magomeni hatuwezi kujua. Jambo moja lilikuwa wazi: mwenye kufaidika alikuwa mwenye programu zile, anayelipwa kwa kila mbofyo, na muuzaji wa mtaa wa pili hakuwa na uhusiano wowote nazo. Kumbe kicheko chake kilikuwa kicheko tu. Binamu yangu alinyamaza kitambo, kisha akasema atampelekea sahani ya futari Ramadhani ikiingia.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kufunga milango, na hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu najua wasomaji wengi wana maduka, vituo vya masomo, ofisi za safari za Umra na nyumba za wageni zinazotangazwa kwa njia hii.

Eneo tuliliwekea sharti la walio Dar es Salaam kweli. Usambazaji kwenye tovuti na programu nyingine tuliuzima wote, tangazo likabaki kwenye utafutaji peke yake. Kuna watakaosema kwamba huko nje mbofyo ni wa bei rahisi, nao wanasema kweli. Lakini kwa mwenye mtaji wa upatu, mbofyo rahisi usioleta mtu ni ghali kuliko ule wa bei mara tatu unaomleta. Kisha tukatazama maneno yenyewe waliyoandika watu kabla ya kulibofya tangazo. Wengine walitafuta picha za mitindo, wengine jinsi ya kukata baibui, wengine nguo za mtumba. Hawa ni watu halisi na hawana hila, ila hawakuja kununua. Mifumo ya matangazo huruhusu kuorodhesha maneno usiyoyataka, na tangazo halitatokea pale yanapoandikwa. Tukaandika "picha", "jinsi ya", "bure" na "mtumba".

Saa nazo tukazipanga. Hakuna sababu ya duka la Magomeni kutangaza saa tisa za usiku wakati mwenye duka amelala na hawezi kujibu. Kwa Ramadhani alichagua baada ya Tarawehe hadi saa sita, wakati wanawake wamemaliza vyombo na wameshika simu.

Lililo muhimu kuliko hayo yote ni kuhesabu kitu kingine badala ya mbofyo. Tuliiwekea tovuti alama ya kuhesabu kila anayegusa kitufe cha WhatsApp au kupiga simu, na hesabu hiyo ikarudi kwenye akaunti ya matangazo. Tangu hapo swali lake la kila siku likawa wangapi wamesema nami, na kila mmoja amenigharimu kiasi gani. Hesabu hii haimzuii mwizi, lakini humfichua mapema, kwa sababu roboti inaweza kuigiza kusogeza kishale ila ni vigumu iulize kama baibui la saizi 56 lipo kwa rangi ya kijani.

Wapo wanaoshauri kuzizuia anwani za IP, yaani namba zinazovitambulisha vifaa mtandaoni. Google huruhusu kuzuia hadi 500 kwa kila kampeni. Dhidi ya mshindani anayebofya kutoka ofisini kwake kila siku, dawa hiyo yafaa. Kwetu itumike kwa uangalifu, kwa kuwa mitandao ya simu huwaweka watumiaji wengi nyuma ya anwani moja, na namba hizo hubadilika. Ukimzuia mmoja waweza kuwafungia mlango wateja wa mtaa mzima, na mwenye hila akarudi kesho kwa namba nyingine. Kuna pia kampuni zinazouza ulinzi dhidi ya mibofyo ya hila kwa malipo ya kila mwezi. Anayetumia mamilioni kwa matangazo na azitazame. Mwenye Sh 15,000 kwa siku ajiulize kama ada ya mlinzi haitazidi mali inayolindwa.

Kudai pia ni haki. Google wana safu ya "mibofyo batili" ambayo mtangazaji anaweza kuiongeza kwenye ripoti yake, ionyeshe ile iliyochujwa bila kutozwa. Inayogunduliwa baadaye hurudishwa kama salio. Anayeona jambo la kutilia shaka anaweza kuomba uchunguzi, na ombi lenye tarehe, saa na mahali mibofyo ilikotoka lina uzito kuliko malalamiko ya jumla. Lakini si kila kinachozidi ni wizi. Watu wengi hushituka wakikuta wametozwa zaidi ya bajeti waliyoiandika. Mfumo wa Google huweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku katika siku yenye wateja wengi, kisha hufidia siku nyingine ili jumla ya mwezi isivuke mpaka. Yafaa kulijua hilo kabla ya kuandika barua yenye hasira.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wanapaswa kulitazama, nalo liko upande wa pili wa mizani. Vijana wetu wanaletewa kwa WhatsApp na Telegram kazi za "kubofya na kulipwa": fungua matangazo hamsini kwa siku, penda video ishirini, upate shilingi kadhaa. Mara nyingi mwanzo hulipa kidogo, kisha kijana hutakiwa aweke fedha zake ili apandishwe daraja, na hapo ndipo zinapopotelea. Lakini hata pale inapolipa kweli, kijana aulizwe nani anatoa fedha hiyo. Kila tangazo analolifungua bila haja limelipiwa na mtu, na mtu huyo huenda ni mjane anayeuza mafuta ya nazi au mshonaji aliyetoka kupokea upatu wake. Fiqhi ya biashara inalijua vizuri katazo la najashi, mtu kuingia mnadani na kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili amhadae mwingine, Mtume (s.a.w.) aliikataza. Mbofyo wa hila si najashi kwa sura zake zote, na kutoa fatwa si kazi ya mwandishi wa makala. Naona tu kwamba mnada upo, asiyekusudia kununua yupo, na anayeumia yupo. Masheikh wetu wakilizungumza katika darsa za vijana, watakuwa wamelifikia jambo ambalo vijana wanalifanya usiku huohuo kitandani.

Na yale maboksi ya televisheni: kama kifaa hakina jina la mtengenezaji anayejulikana, kinaahidi chaneli zote za dunia bure, au kinakutaka uzime ulinzi wa Google Play ili kifanye kazi, bei yake nafuu inalipwa na mtu mwingine.

Wiki ya kwanza baada ya kufunga milango, mibofyo ya binamu yangu ilishuka kutoka themanini hadi kumi na moja kwa siku. Kijana mshauri alihuzunika kuona mchoro umeanguka. Kati ya hao kumi na moja, watatu au wanne walikuwa wakiandika ujumbe. Madai yake yalipojibiwa, alirudishiwa salio la Sh 6,400, nalo lilitumika kwa usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhani. Mabaibui yote ya nakshi ya dhahabu yaliisha siku tatu kabla ya Idi, na cherehani ya pili bado hajainunua.

Kwenye kundi la ukoo alituma ujumbe wa sauti: "Shangazi zangu, mama zangu wadogo na ndugu zangu wote, mnaonipenda nipigieni simu. Tangazo langu msilibonyeze." Shangazi wa Tanga alijibu kwamba amesikia, na akaagiza mabaibui mawili.